Kuja Mombasa likizo na watoto kutoka Ulaya: mwongozo wa safari na wa picha

Mara ya kwanza kurudi nyumbani na watoto, niliondoka Mombasa na picha mia tisa na kitu. Nilipozifungua Hamburg nikakuta Fort Jesus imo, bahari imo, jua linatua mara arubaini, madafu yamepangwa kwenye mkokoteni. Mama yangu yumo mara moja tu, kwa mgongo, akiingia jikoni. Nilikuja kwetu nikapiga picha za mgeni.

Tangu hapo nimekuja mara nne, na kila mara nimebadilisha kitu. Ninayoyaandika hapa ni kwa mzazi anayeishi Ulaya, mwenye watoto, mwenye wiki tatu au nne tu, na anayetaka kurudi na picha za watu wake. Simu inatosha. Kamera ukiwa nayo, vyema.

Miezi sita kabla: tarehe na karatasi

Anza na kalenda ya shule. Ujerumani hawacheki na utoro: ukimtoa mtoto siku mbili kabla ya likizo ili upate tikiti rahisi, unaweza kupigwa faini, na wapo waliosimamishwa na polisi uwanjani wakaulizwa barua ya shule. Uingereza nako faini ipo, kwa kila mzazi na kwa kila mtoto. Kwa hivyo utabaki na Julai na Agosti, au Desemba. Agosti hapa ni msimu wa kusi: hewa imepoa, bahari ina mawimbi, pwani hujaa mwani, lakini shule za Kenya nazo zimefunga, basi binamu wote wako nyumbani. Desemba ni kaskazi: joto, bahari shwari, harusi nyingi, na tikiti ghali. Nikiulizwa nitasema Agosti, kwa sababu ya hao binamu. Aprili na Mei ni masika. Mvua ikishika, vichochoro vya Mji wa Kale huwa mito.

Kisha pasi. Mtoto aliyezaliwa na Mkenya ni raia kwa kuzaliwa hata kama alizaliwa nje. Ndivyo ilivyo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 14. Ukimkatia pasi ya Kenya ubalozini, ataingia kama mwenyeji. Asiyekuwa nayo ataombewa idhini ya kusafiri kwa mtandao, utaratibu ulioanza Januari 2024 kuchukua nafasi ya viza. Tumia tovuti ya serikali yenyewe. Zipo zinazofanana nayo zinazokutoza mara mbili. Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu tarehe 27 Juni 2024, lakini si nchi zote za Ulaya zilizolegeza hivyo, basi uliza kabla hujamwombea mtoto karatasi yoyote.

Tazama na kadi yako ya ukazi. Isiishe ukiwa mtaani Kuze, Mji wa Kale, unakula mbaazi. Kwa vibali vingi vya Ujerumani, ukikaa nje zaidi ya miezi sita kibali hufa chenyewe. Na ukisafiri na watoto bila mwenzako, beba barua yake ya idhini yenye saini, nakala ya pasi yake, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mimi niliulizwa mara moja tu, lakini niliulizwa usiku wa manane, na mtoto mmoja amelala begani.

Wiki sita kabla: daktari

Hili wengi wetu hulipuuza kwa kujiona wenyeji. Pwani ina malaria. Watoto waliozaliwa Ulaya hawana kinga yoyote, na ile yako ya utotoni imepungua kwa miaka uliyokaa baridini. Nenda kwa daktari wa safari wiki nne hadi sita kabla, akuandikie dawa za kinga kulingana na uzito wa kila mtoto. Zipo zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelezwa siku saba baada ya kurudi. Hizo siku saba ndizo zinazosahauliwa. Mkirudi, mtoto akipata homa hata baada ya wiki kadhaa, neno la kwanza kwa daktari liwe: tulikuwa Mombasa.

Mzigo wa picha, mdogo

Beba kamera moja na lenzi moja. Katika vichochoro vya Mji wa Kale hakuna nafasi ya kurudi nyuma, kwa hivyo lenzi ya milimita 35 inafaa kuliko ile ndefu ya kupigia simba. Mwenye simu, lenzi yake ya kawaida ndiyo nzuri. Ile pana mno huvuta sura za walio pembeni. Nilimweka shangazi pembeni mwa picha ya watu kumi na watano, akatoka na kichwa kama papai. Hajanisamehe.

Betri za akiba na pawabenki ziwe kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Soketi za Kenya ni za matundu matatu kama za Uingereza, basi anayetoka bara la Ulaya anunue adapta. Mimi huja na adapta moja na waya wa soketi nne wa kutoka kwangu. Yatosha nyumba nzima.

Droni iache. Kenya hairuhusiwi bila kuisajili na kupata kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege, na wanaokuja nayo bila kibali huishia kuiacha kwa forodha hadi siku ya kurudi.

Mifuko ya plastiki pia usipakie vitu ndani yake: imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017. Badala yake chukua mkebe wa chakula wenye kifuniko kinachobana. Nitaeleza kazi yake.

Kabla hujafunga begi, weka saa ya kamera sawa na ya simu, zote kwa saa za Kenya. Ni mbele kwa saa moja ukitoka Ujerumani wakati wa kiangazi, na saa mbili wakati wa baridi. Usipofanya hivyo, picha zako na za mwenzako zitachanganyika, chakula cha mchana kitangulie chai.

Siku tatu za mwanzo

Usitoe kamera. Najua unawashwa. Lakini watu hawajakuona miaka miwili, na ukiingia na lenzi usoni utawafanya wakae wima kama wako ofisi ya vitambulisho. Mama yangu alinambia waziwazi: "Weka hiyo simu, mwanangu. Kula kwanza. Mbona watutazama kama watalii?"

Picha moja tu naifanyia ubaguzi, ile ya mlangoni: mtoto anaposhika mkono wa bibi yake, anaubusu na kusema shikamoo kwa lafudhi ya Kijerumani. Hiyo hairudi. Mwombe ndugu mmoja aliyeko nyumbani asimame ndani, tayari, simu mkononi, akitazama mlango. Wewe utakuwa na mizigo, na utakuwa unalia.

Siku hizo tatu zitumie kutazama mwanga unavyoingia nyumbani. Saa ngapi jua linafika uani? Mama hukaa wapi akichambua mchele? Andika. Nyumba yetu ina dirisha moja la jikoni ambalo saa tatu asubuhi hutoa mwanga laini usiopatikana studio yoyote, na nilikulia humo bila kujua.

Jua la hapa si la kule

Aliyejifunza kupiga picha Ulaya atapotea hapa, na sababu ni kijiografia. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupanda wima na kushuka wima. Hamburg mwezi wa Juni unaweza kula chakula cha usiku, uoshe vyombo, utoke, na ule mwanga wa dhahabu bado unakungoja. Hapa, jua likishatua una dakika ishirini hivi kabla giza halijashika. Ukimwambia mtoto "ngoja nivae viatu" umeukosa.

Jua huchomoza baina ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi mwaka mzima, na kutua baina ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 40 jioni. Urefu wa mchana haubadiliki zaidi ya nusu saa kutoka mwezi hadi mwezi, kwa hivyo ukishajua saa zako umejua. Mimi hupiga picha za nje kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa 10 na nusu jioni. Katikati hapo jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni.

Ukilazimika kupiga mchana, tafuta kivuli kinachotazama uwazi. Mji wa Kale umejengwa kwa ajili hiyo: kuta za chokaa pande mbili, kichochoro chembamba, mwanga unagonga ukuta wa juu na kuteremka umelainika. Wakalishe watu barazani, ndani ya kivuli, nyuso zikitazama upande wa mwanga. Kosa kubwa la hotelini ni kumsimamisha mtu chini ya makuti na bahari inayong'aa nyuma yake. Atatoka kivuli cheusi kisicho na jina.

Kanzu, buibui na ngozi zetu

Hapa ndipo picha nyingi za familia za kwetu huharibika, na mkono hauna kosa. Kamera haijui inatazama nini. Hupima mwanga wote uliomo na kutaka jumla yake iwe kijivu cha wastani. Wapange wajomba kumi wenye kanzu nyeupe baada ya swala ya Ijumaa: kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, kanzu zitakuwa za kijivu na nyuso zitapotea. Wapange khalati kumi wenye buibui: itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga, buibui zitakuwa kama zimefuliwa mno na nyuso zitawaka.

Dawa yake ni kinyume cha unavyodhani. Penye kanzu, ongeza mwanga kidogo. Penye buibui, punguza. Kwenye simu, gusa uso wa mtu, kisha telezesha kidole juu au chini hadi ngozi ionekane kama unavyoijua. Usiangalie nguo, angalia mashavu. Na kabla ya yote ingia kwenye mipangilio uzime kile kichungi cha urembo. Simu nyingi huja kimewashwa, nacho kazi yake ni kulainisha na kung'arisha. Mama hakuja duniani na rangi hiyo, na makunyanzi yake ndiyo niliyosafiri kuyafuata.

Kwa picha ya ukoo mzima, piga angalau mara kumi bila kusimama. Katika watu ishirini daima yuko aliyefumba macho, na daima ni yule yule ami.

Njia ya asubuhi moja

Watoto wawe wamekunywa chai. Anzieni nje ya Fort Jesus saa 12 na nusu, kabla haijafunguliwa: upande wake wa bahari unatazama mashariki, na ukuta unashika rangi ya asali. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Mwanangu wa kiume alipendezwa na jela peke yake. Ingieni Ndia Kuu, barabara iliyobaki na jina lake la Kimvita, mtoto aulizwe kwa nini si njia. Piteni Msikiti wa Mandhry, mwende polepole hadi Kibokoni. Milango ya kuchonga ina wenyewe. Bisha hodi, salimu, omba. Mara nyingi utaambiwa piga, na mara nyingi zaidi utaulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Jioni nendeni Mama Ngina mle mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu. Mwanga wa hapo ni mzuri, meli kubwa zinapita karibu kabisa kuingia Kilindini, na watoto hawachoki. Elekeza kamera baharini. Ikulu iko jirani, na huko usielekeze. Bandarini, kambini na feri ya Likoni usipige picha kabisa. Feri nimeivuka tangu tumboni mwa mama yangu, na bado nilipotoa simu kumpiga binti yangu, askari aliniita pembeni. Alikuwa na haki.

Ufukweni, tazama mwezi kabla ya kutazama saa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi, miamba inatoka, na watoto hukaa saa nzima wakitazama kaa na nyota za bahari kwenye vidimbwi. Wavalishe viatu kwa ajili ya fuma, wale viumbe wa bahari wenye miiba. Mwanga wa saa hiyo ni mkali, lakini mtoto aliyeinama juu ya maji humulikwa na maji yenyewe usoni, na hilo hufidia.

Sasa ule mkebe. Ukitoka chumba cha eyasi (kiyoyozi) au gari lenye baridi ukaingia joto la Mombasa, lenzi hupata ukungu mara moja, na unyevu huo ukirudiwarudiwa hukaa ndani na kuota kuvu. Funga kamera mkebeni ungali ndani, toka nayo, iache kivulini nusu saa ipate joto la nje ndipo ufungue. Kutoka pwani, ifute kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi kisha kikavu. Chumvi haipulizwi ikatoka.

Mahali pa kuacha simu mlangoni

Ukialikwa harusi, uliza kwanza ni shughuli gani. Siku ya kupamba, wanawake wako bila buibui, wamejipamba, wamestarehe, na simu haziruhusiwi. Wakati mwingine hukusanywa mlangoni. Anayepiga picha ni mwanamke mmoja aliyeajiriwa na wenye harusi, na picha ni zao. Usimtume mtoto na simu yake "kwa sababu ni mtoto". Nimeona ukoo ukikosana kwa sekunde kumi na mbili za video.

Nyumbani nako uliza, hata ndugu. Kupigwa ni ruhusa moja, kuwekwa mtandaoni ni ruhusa nyingine. Dada yangu hukubali ya kwanza na kukataa ya pili, na sihitaji kujua kwa nini.

Picha zilizomo kabatini

Tenga asubuhi moja kwa hili, na kama una wiki moja tu, acha kwenda ufuoni, fanya hili. Kila nyumba ya Mombasa ina bahasha au albamu kuukuu yenye picha za studio za miaka ya sitini na sabini, na hewa ya chumvi na mende wanazila polepole.

Nawa mikono, ikauke. Pangusa picha kwa brashi laini kavu. Iliyogandana na karatasi ya albamu usiibandue, ipige hapo hapo. Iweke sakafuni karibu na mlango ulio wazi, pasipo jua la moja kwa moja, zima flashi, na ushike simu sambamba na picha ili pembe nne ziwe sawa. Iliyoko kwenye fremu ya kioo itakuonyesha sura yako mwenyewe. Mwombe mtu ashike buibui nyeusi nyuma yako kama pazia, na mng'ao utaondoka. Kisha geuza upige na mgongo wa picha: muhuri wa studio, tarehe, jina lililoandikwa kwa wino uliofifia.

Wakati huo huo simu ya pili iwe inarekodi sauti. Usimhoji mama kama yuko mahakamani. Mwonyeshe picha, nyamaza. Mimi nilikuwa na picha ya mwanamume mwenye tarbushi niliyedhani ni babu, kumbe ni fundi aliyemshonea babu, na babu ndiye aliyeshika kamera. Dakika ishirini zatosha kwa siku. Mzee akichoka hasemi amechoka, atasema tu "hao wote wamekufa" na kufunga albamu.

Kabla ya kupanda ndege

Kila usiku nakili picha za siku hiyo pahali pawili: diski ndogo na mtandaoni, au diski mbili. Zikiwa mbili, moja abebe mwenzako, kwa begi lake. Usifute kadi ya kamera hadi ufike kwako.

Siku tano kabla ya kuondoka, chagua picha sitini na uzipeleke kuchapishwa mjini, inchi 4 kwa 6. Usingoje siku ya mwisho, hasa Desemba. Studio zote zimezama kwenye harusi. Mgongoni andika majina kamili kwa penseli laini, si kalamu, kwani wino hutokea upande wa pili kwenye unyevu. Zile za fremu zisigusane na kioo, weka ukingo wa karatasi katikati, la sivyo zitaganda. Na maembe ya ngowe aliyokupa jirani, yaleni yote Mombasa: forodha ya Ulaya huyachukua, sawa na nyama na maziwa.

Keti na mama mzitazame zote sitini pamoja, na zile ulizoziacha pia, kwenye simu. Safari iliyopita nilikuwa tayari kufuta moja: mwanangu anakimbia uani, ameshika mahamri, hana uso, ni ukungu tu wa shati jekundu. Mama akanizuia mkono. Ndiyo iliyoko juu ya televisheni yake sasa.